Kutoa taarifa, kulipiziwa kisasi na kufukuzwa kazi halmashauri: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watumishi wa Mtwara na Lindi

Maswali haya nimeyakusanya katika miaka niliyokuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwenye halmashauri moja ya huku kusini, na baadaye nikiwasaidia watumishi kuandika rufaa. Yanarudi yaleyale, aulize mtu wa Newala, Nanyumbu, Kilwa au Liwale. Mtu ameona fedha za umma zinaliwa, akasema, na sasa yeye ndiye mwenye kesi.

Majibu yanahusu Tanzania Bara. Tangu Julai 1, 2025 zinatumika Sheria Zilizofanyiwa Urekebu, Toleo la 2023, na baadhi ya vifungu vimepewa namba mpya. Namba ninazotaja ni zile zilizozoeleka. Kabla ya kuziandika kwenye rufaa, zihakiki kwenye toleo jipya.

## Misingi

1. Mtoa taarifa ni nani hasa?

Ni mtu anayefichua uovu unaoumiza umma, akaufikisha kwa mamlaka inayoweza kuchukua hatua. Sheria yake ni Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015.

Kwa halmashauri zetu sura zake zinajulikana. Mhasibu anaona makusanyo ya ushuru wa korosho kwenye mashine ya POS hayalingani na fedha iliyofika benki. Afisa maendeleo ya jamii anakuta vikundi hewa kwenye mikopo ya asilimia kumi, ile ya nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Fundi wa idara ya ujenzi anaambiwa asaini kuwa darasa limekamilika na paa bado halijaezekwa.

Ukilalamika kwamba hujalipwa posho yako ya safari, hiyo ni haki yako lakini ni lalamiko lako binafsi. Njia yake ni nyingine. Ukisema posho za safari zinaandikwa kwa majina ya watu ambao hawakusafiri, hapo umekuwa mtoa taarifa.

2. Je, lazima niwe na ushahidi kamili kabla ya kusema?

Hapana. Kinachotakiwa ni nia njema na sababu za msingi za kuamini kwamba unachosema ni kweli. Kupeleleza ni kazi ya wapelelezi. Lakini ukitunga jambo kwa chuki, kinga ya mtoa taarifa huipati.

3. Niripoti wapi?

Inategemea nani anatuhumiwa. Kama ni mtu wa chini au wa idara nyingine, mkuu wako wa kazi, mkaguzi wa ndani au Mkurugenzi anatosha kuanzia. Kama anayetuhumiwa ndiye mkuu wako, usimpelekee. Nimeona watu waungwana wakifanya hivyo kwa heshima tu, na wiki hiyohiyo mafaili yamehama kabati.

Nje ya ofisi, kwa rushwa na ubadhirifu nenda TAKUKURU. Wana ofisi mikoani na wilayani, na namba ya bure 113 inapokea hata mtu asiyetaka kujitaja. Wakaguzi wa CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, wanapokuja kukagua halmashauri, unaweza kuwaeleza wakatazame wapi, na jambo likishaingia kwenye ripoti yao linafika hadi Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa. Kwa viongozi wa umma, akiwemo Mkurugenzi na diwani, ipo Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, yenye ofisi ya kanda Mtwara mjini. Kwa matumizi mabaya ya madaraka, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina ofisi Lindi, jambo ambalo wengi wa kusini hawalijui. Upo pia mfumo wa e-Mrejesho wa kutuma malalamiko kwa simu.

Popote utakapopeleka, taarifa iwe na nini kilitokea, wapi, lini, nani anahusika na nani mwingine alishuhudia. Ukisema kwa mdomo, omba iandikwe na uisome kabla ya kuondoka.

4. Nikiirusha kwenye WhatsApp au kwa mwandishi wa habari, ninalindwa?

Usitegemee. Sheria ya 2015 inamlinda anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika, na grupu la WhatsApp la kata si mamlaka husika. Tena unampa mwajiri zawadi: badala ya kujibu kuhusu fedha, anakushitaki wewe kwa kutoa siri za ofisi, na unaweza kuguswa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Najua kinachowasukuma watu huko. Wameripoti, wamesubiri, kimya. Bado ninasema andika barua ya pili ya kukumbushia, kisha peleka mamlaka ya pili, kabla ya kugusa simu.

5. Kutoa taarifa ya rushwa ni hiari au ni wajibu?

Ni wajibu, na hili lielewe vizuri kwa sababu ndilo jiwe la msingi la utetezi wako. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 39, inamtaka kila anayefahamu kwamba kosa la rushwa limetendeka au linataka kutendeka aitaarifu TAKUKURU.

Sasa fungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 37. Kinasema miongoni mwa sababu zisizo halali za kumwachisha mtu kazi ni kwamba alitoa taarifa ambayo ana haki au anatakiwa kuitoa chini ya sheria hiyo au sheria nyingine yoyote. Ziweke sheria hizi mbili pamoja. Moja inakuamuru useme, nyingine inamkataza mwajiri kukufukuza kwa kuwa umesema. Ninashangaa rufaa ngapi nimezisoma zimejaa maneno ya uchungu wa kweli, na hakuna hata moja iliyoziunganisha sheria hizi.

## Kisasi kinavyokuja

6. Kisasi ni kufukuzwa tu?

Kufukuzwa huja mwisho, tena mara nyingi hakuji kabisa kwa sababu mtu anakuwa amechoka na kuondoka mwenyewe. Sheria ya watoa taarifa inagusa pia kusimamishwa, kunyimwa kupanda cheo, kuhamishwa bila kupenda, kusumbuliwa na kutishwa.

Namkumbuka dada mmoja wa idara ya fedha. Wiki mbili baada ya kutaja upungufu wa makusanyo, asubuhi alikuta meza yake imetolewa ofisini na kuwekwa kwenye korido ya masjala. Juu yake kulikuwa na taipureta mbovu na maboksi mawili ya risiti za zamani. Hakupewa barua. Neno lake la siri la kuingia kwenye mfumo wa malipo lilikuwa limezimwa. Wenzake walipita wakimsalimia huku wanatazama pembeni. Mshahara uliendelea kuingia kila mwezi, kwa hiyo alipolalamika aliambiwa, "Dada, umefanywa nini sasa? Si unalipwa?"

Alifanywa mengi. Kunyang'anywa majukumu bila maandishi, kupewa alama za chini kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, na mtu yuleyule aliyemsifu mwaka uliopita, kuachwa nje ya vikao anavyostahili kuingia, kukataliwa likizo wakati wenzake wanapewa: vyote hivyo vinahesabika. Kila kimoja kiandikie barua ya kuuliza sababu, kwa lugha ya adabu, hata kama hutajibiwa. Kutojibiwa nako ni ushahidi.

7. Nimehamishwa ghafla kwenda kijiji cha mbali. Nikatae kuripoti?

Usikatae. Huu ndio mtego unaowanasa watu wengi kuliko wote. Katika Kanuni za Utumishi wa Umma, utoro wa zaidi ya siku tano bila ruhusa ni kosa linaloweza kukufukuzisha kazi. Aliyekuhamisha kwa hasira anaweza kuwa anangoja hilo tu. Baada ya hapo rufaa yako haitakuwa tena ya mtoa taarifa, itakuwa ya mtoro.

Ripoti, saini daftari la mahudhurio, kisha lalamika ukiwa huko. Kwenye barua dai fedha za uhamisho: posho ya kujikimu, gharama za mizigo na posho ya usumbufu. Kama hujalipwa na huwezi kusafiri, andika kabla ya tarehe ya kuripoti kwamba uko tayari na kinachokukwamisha ni malipo, na upate muhuri wa kupokelewa. Mtumishi anayetakiwa kutoka Liwale mjini hadi kijiji cha pembezoni wakati wa masika, na familia na vitanda, hawezi kuambiwa ajitegemee.

8. Nimevuliwa ukuu wa idara. Je, nimeachishwa kazi?

La. Kutenguliwa kwenye uteuzi au kwenye kukaimu si kufukuzwa, unabaki mtumishi wa kada yako. Lakini kama kumefuata taarifa uliyotoa, ni kiungo katika mnyororo wa kisasi (swali la 9).

9. Nitathibitishaje kwamba ni kisasi?

Hakuna atakayekuandikia barua yenye kichwa "Yah: Kukukomoa". Kisasi kinathibitishwa kwa mpangilio wa tarehe. Nunua kaunta buku moja, uiweke nyumbani. Kila tukio liandikwe siku hiyohiyo: saa, mahali, aliyesema, maneno aliyoyatumia, nani alisikia. Usipambe. Andika hata yanayokuumiza wewe, kwa sababu daftari lenye mazuri matupu halisadikiki.

Mambo manne huwa na uzito. Kwanza, kwamba aliyekuchukulia hatua alijua umetoa taarifa. Bila hilo kesi ni nyembamba. Pili, ukaribu wa tarehe, taarifa Machi na mashitaka Aprili. Tatu, rekodi yako ya nyuma: miaka tisa bila onyo hata moja, kisha maonyo matatu ndani ya miezi miwili. Nne, walichofanyiwa wenzako. Kama watumishi watano walichelewa kurejesha masurufu na ni wewe peke yako uliyeshitakiwa, omba hilo lijibiwe.

Kwa upande wa sababu yenyewe ya kufukuzwa, sheria ya ajira (kifungu cha 39) inamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba ilikuwa halali na utaratibu ulikuwa wa haki. Usiubebe mzigo ambao si wako.

10. Naweza kuchukua nakala za nyaraka za ofisi?

Zako mwenyewe, ndiyo: barua ya ajira, ya kuthibitishwa, za kupandishwa cheo, tathmini, hati za mshahara. Ziwe nyumbani kuanzia leo, kabla hujapata shida yoyote. Nyaraka za ofisi, hasa zenye muhuri wa SIRI, usizitoe nje wala kuzipiga picha uzisambaze. Nukuu namba ya hati, tarehe, namba ya faili na kabati ilipo, uwape wachunguzi. Wao wana mamlaka ya kuichukua, na ikichukuliwa nao inakuwa na nguvu.

## Barua ikishafika

11. Nimepewa barua ya kujieleza. Nijibu, au nisubiri hati ya mashtaka?

Jibu, ndani ya muda uliotajwa, ukurasa mmoja au miwili. Jibu kilichoulizwa kwanza, hoja kwa hoja. Baadaye, katika aya moja, eleza kwamba uliwahi kutoa taarifa tarehe fulani na unaona hatua hii imetokana na hilo. Ukianza na kisasi ukaliruka swali, watasema hukujitetea. Usipolitaja kabisa, ukilileta kwenye rufaa wataliita hoja ya kubuni. Usiandike usiku ukiwa na hasira. Andika, lala, soma tena asubuhi.

12. Nani ana mamlaka ya kunifukuza, na kwa utaratibu gani?

Mkuu wa idara hana. Afisa utumishi hana. Kwa watumishi wengi wa halmashauri, uamuzi wa kufukuza hupita kwenye Baraza la Madiwani likiwa mamlaka ya nidhamu. Walimu wana chombo chao (swali la 21).

Kwa kosa zito lazima kuwe na hati ya mashtaka inayotaja kosa waziwazi, nafasi ya kujitetea kwa maandishi, kamati ya uchunguzi inayokusikiliza na kukuruhusu kuhoji mashahidi, kisha uamuzi wenye sababu. Angalia walioketi kwenye kamati. Kama uliyemripoti ni mjumbe, au ni shahidi na tena ni mjumbe, mkatae hapohapo kwa maandishi. Pinga pia hati isiyoeleweka. "Utovu wa nidhamu kwa nyakati tofauti" si kosa linalojibika. Nyakati zipi? Utovu upi?

13. Nimesimamishwa ili kupisha uchunguzi. Nifanyeje?

Hiyo si hukumu. Usihame kituo bila ruhusa, patikana kwenye simu, na uulize kwa barua uchunguzi umefikia wapi. Uliza pia kuhusu mshahara kama barua haikutaja. Wapo wanaorudi kijijini kulima mikorosho wakisubiri kuitwa, na hati ya mashtaka inapelekwa kwenye nyumba isiyo na mtu.

14. Nimeambiwa niandike barua ya kuacha kazi, eti ni bora kuliko kufukuzwa. Ni kweli?

Ukiandika kwa hiari yako umejifungia mlango wa rufaa kwa mkono wako mwenyewe. Kweli, sheria ya ajira inatambua kuacha kazi kwa kushinikizwa, pale mwajiri alipofanya mazingira yasivumilike. Lakini mzigo wa kuthibitisha shinikizo unakuangukia wewe, na barua yako yenye "naacha kazi kwa sababu za kifamilia" itasomwa mbele yako. Usisaini chochote siku hiyo. Sema unahitaji kushauriana, ondoka, na uandike kwenye kaunta buku nani alikuambia na saa ngapi.

## Rufaa

15. Nikifukuzwa, niende CMA au Tume ya Utumishi wa Umma?

Mtumishi wa umma anaanzia Tume ya Utumishi wa Umma. Nalirudia kila mahali kwa sababu hapa ndipo haki nyingi zimezikwa. Mwaka 2016 kiliongezwa kifungu cha 32A kwenye Sheria ya Utumishi wa Umma: mtumishi lazima amalize njia zote za sheria hiyo kabla ya kutafuta nafuu kwenye sheria za kazi. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani, ikiketi hapahapa Mtwara, ilikazia katika rufaa iliyomhusu mtumishi wa shirika la umma kwamba Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, haina mamlaka kabla ya hapo.

Maana yake ni nini kwa mtu wa Tandahimba? Anafukuzwa Januari. Jirani anamwambia "nenda CMA, mimi walinilipa", na jirani alikuwa akifanya kazi kwenye kampuni binafsi. Anafungua mgogoro, unasikilizwa mwaka mzima, pengine anashinda. Halmashauri inakwenda Mahakama Kuu na hoja moja tu, ya mamlaka. Kila kitu kinafutwa, na anaporudi kutafuta njia ya Tume siku zake ziliisha zamani. Hakuna aliyesema kwamba alifukuzwa kwa haki. Aligonga mlango usio wake.

16. Nina siku ngapi, na zinahesabiwaje?

Siku 45 tangu ulipopokea uamuzi. Si siku za kazi, ni siku za kalenda, zikiwemo Jumapili na sikukuu.

Siku ya kupokea inathibitishwaje? Hapa angalia kwa makini. Mhudumu wa ofisi anakuja nyumbani Ijumaa jioni na bahasha ya kaki na daftari la kukabidhi barua. Barua ndani imeandikwa tarehe 3, leo ni tarehe 28. Daftarini, safu ya tarehe imeachwa wazi, na anakuonyesha mahali pa kusaini tu. Usisaini kabla ya kuijaza safu hiyo kwa mkono wako: jina, saini, tarehe 28, saa 11 jioni. Kisha piga picha ukurasa ule, na bahasha pia. Nimeona rufaa iliyonusurika kwa picha hiyo moja, maana mwajiri alishika tarehe 3.

Kama umechelewa, usikae kimya. Peleka rufaa pamoja na maelezo ya sababu na vielelezo, kwa mfano karatasi za kulazwa hospitali ya Ligula. "Nilikuwa nafuatilia kwa Mkuu wa Wilaya" ni sababu ninayoielewa kibinadamu, lakini haina nguvu. Kumfuata Mkuu wa Wilaya, mbunge au sheikh hakusimamishi siku.

17. Rufaa inaandikwaje na inapelekwa wapi?

Inaandikwa kwa Katibu, Tume ya Utumishi wa Umma, Dodoma, na nakala inapelekwa kwa mamlaka ya nidhamu iliyokufukuza. Nakala hiyo si hisani, ni sharti. Eleza ajira yako kwa kifupi, kosa uliloshitakiwa, uamuzi, halafu sababu za rufaa moja moja: utaratibu uliovunjwa, ushahidi usiotosha, na kisasi (swali la 5 na la 9). Maliza kwa kusema unaomba nini. Ambatisha hati ya mashtaka, utetezi wako, barua ya uamuzi, na ushahidi kwamba ulitoa taarifa.

Ukituma kwa posta, tuma kwa rejista na utunze risiti. Ukimpa mtu anayesafiri, arudi na nakala yenye muhuri.

18. Nikishinda, narudi kazini?

Unaweza kurejeshwa na kulipwa stahiki zako. Lakini jiandae kwa jambo linalowavunja watu moyo: pale utaratibu ulipokosewa, Tume inaweza kuifuta adhabu na kuruhusu mamlaka ya nidhamu ianze upya. Unarudi, na hati ya mashtaka mpya inakusubiri. Ndiyo maana rufaa isiishie kwenye "hawakufuata utaratibu". Pigania pia kwamba kosa lenyewe halikuwepo.

Mwajiri akichelewa kukurejesha, ripoti kazini na nakala ya uamuzi, upate muhuri, kisha uiandikie Tume.

19. Nikishindwa Tume?

Rufaa inakwenda kwa Rais, nayo usiicheleweshe. Uamuzi wa Rais ndio wa mwisho katika utumishi. Baada ya hapo lipo ombi la mapitio Mahakama Kuu, kwa Mtwara kanda ipo mjini. Unaomba kwanza kibali, ndani ya miezi sita tangu uamuzi. Mahakama hapo inaangalia kama uamuzi ulifuata sheria na haki ya kusikilizwa, haiichambui kesi yote upya. Kama unataka kufungua shauri la madai dhidi ya halmashauri, kuna notisi ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Hatua hii usiende peke yako.

20. Sina fedha za wakili. Nani atanisaidia?

Anza na chama chako: TALGWU kwa serikali za mitaa, TUGHE kwa afya na serikali, CWT au CHAKUHAWATA kwa walimu. Umekatwa ada kila mwezi, idai huduma yako. Kama katibu wa tawi ana urafiki na uliyemripoti, panda ngazi ya mkoa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria, na wapo wilayani. Waulizie kwa msajili msaidizi kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii.

## Hali za pembeni

21. Mimi ni mwalimu. Hayo yote yananihusu?

Kanuni za kujilinda, zote. Vyombo vinatofautiana: mamlaka yako ya nidhamu ni Tume ya Utumishi wa Walimu kwa ngazi ya wilaya, na rufaa inakwenda Tume hiyo makao makuu, kisha kwa Rais. Mkuu wa shule au afisa elimu hawezi kukufukuza.

22. Nilikuwa na mkataba wa miezi, nakusanya ushuru getini. Hawakuhuisha baada ya mimi kusema.

Mkataba wa muda ukiisha, ajira imeisha. Lakini kama ulikuwa na matarajio ya haki kwamba utahuishwa, kutokuhuisha kunaweza kuwa uachishaji usio wa haki. Matarajio yanajengwa na vitu: ulihuishwa mara nne mfululizo, uliambiwa kwa maandishi uje na picha za kitambulisho kipya, wenzako wote wa geti moja walihuishwa. Angalia pia kwamba kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimgusi mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo.

Ugumu ni kujua kama wewe unahesabiwa mtumishi wa umma, maana hilo ndilo linaamua uende Tume au CMA. CMA muda wake ni siku 30 tu tangu kuachishwa, kwa hiyo tafuta ushauri ndani ya wiki ya kwanza na uende na mkataba mkononi. Ukichelewa, kuna fomu ya kuomba kuongezewa muda.

23. Mimi ni karani wa AMCOS. Nilisema kilo zinapunguzwa ghalani, nikaondolewa.

Chama cha ushirika si halmashauri, ingawa mtendaji wa kata anakaa kwenye mikutano yenu na ushuru wa korosho wa asilimia 3 unakwenda halmashauri. Mwajiri wako ni chama, kwa hiyo wewe unakwenda moja kwa moja CMA, ndani ya siku 30. Upungufu wa kilo uripoti kwa Mrajis Msaidizi wa mkoa na TAKUKURU. Weka namba za stakabadhi za mkulima na uzito wa kila mzani, kwa siku. Wakati wa mnada kila mtu ana haraka, na namba hizo zikishapotea hazirudi.

24. Mimi ni diwani, au mwenyekiti wa kijiji.

Wewe umechaguliwa, hukuajiriwa. Kufukuzwa kazi hakukuhusu. Ulinzi wa mtoa taarifa unakuhusu kama raia mwingine yeyote.

25. Nimefunguliwa kesi ya jinai kwa jambo lilelile nililoripoti.

Sheria ya ajira inakataza mwajiri kumwadhibu au kumwachisha mtu kwa shitaka ambalo kwa kiini chake ni lile linaloendelea mahakamani, mpaka mahakama imalize na rufaa yake. Lichukue hilo kama ngao, lakini hudhuria kila tarehe ya kesi na utunze hati za mahakama. Mwambie wakili na mpelelezi kwamba wewe ndiye uliyeripoti, uwape tarehe na aliyeipokea taarifa.

26. Nami nilisaini mara moja, kabla sijaelewa. Nikisema, si nitajichoma mwenyewe?

Hili swali huulizwa kwa sauti ya chini, mwishoni, mtu akiwa ameshasimama kuondoka. Ulinzi wa mtoa taarifa haufuti kosa la aliyeshiriki, sitakudanganya. Usiende TAKUKURU wala usiandike chochote kabla ya kukaa na mwanasheria, na ukikaa naye mweleze yote: karatasi uliyosaini, nani aliileta, kama ulipewa chochote, hata kama ni elfu hamsini ya "nauli". Mficha uchi hazai. Mwanasheria aliyefichwa nusu ya mambo atayasikia mbele ya kamati, kutoka kwa yule uliyemripoti.